Hati Mkononi, Ardhi kwa Wengine: Waojibwe wa White Earth na Red Lake

Miezi michache iliyopita, nikifundisha mada ya ukoloni wa walowezi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa ufupi. "Mwalimu," alisema, "kama ardhi ya mtu imepimwa, ina namba, na ina hati yenye jina lake, atanyang'anywaje? Si hati ndiyo kinga yenyewe?" Lilikuwa swali la haki. Kizazi chake kimekua kikisikia habari za urasimishaji tangu MKURABITA ilipoanzishwa, na kimefundishwa kuamini kwamba mwanakijiji ni maskini kwa sababu hana karatasi ya kupeleka benki. Nilimwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi, na leo natimiza ahadi hiyo.

Jibu langu linatoka mbali, kaskazini mwa Marekani, katika jimbo la Minnesota. Nimelichagua kwa sababu huko zipo jamii mbili za taifa moja, zenye lugha moja, ambazo ziliwekwa chini ya sheria moja katika mwaka mmoja. Leo moja inamiliki karibu ardhi yote iliyomo ndani ya mipaka yake, na nyingine imebakiwa na takriban sehemu moja tu kati ya kumi.

Waojibwe hujiita Anishinaabe. Serikali ya Marekani iliwaandika kwa jina la Chippewa, na jina hilo bado limo katika mikataba na katiba zao. Wanaishi kuzunguka maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, upande wa Marekani na upande wa Kanada. Simulizi zao zinaeleza kwamba wazee wao walitoka pwani ya mashariki wakaelekea magharibi, wakiwa wameagizwa wasisimame mpaka wafike mahali ambapo chakula huota juu ya maji. Chakula hicho ni manoomin, mpunga mwitu unaoota kwenye maziwa ya kina kifupi. Mwishoni mwa kiangazi watu wawili huingia katika mtumbwi. Mmoja husukuma kwa upondo, mwenzake huinamisha mabua kwa kijiti kimoja na kuyagonga taratibu kwa kingine. Punje zilizokomaa huangukia mtumbwini, na nyingine huanguka majini zikawa mbegu ya mwaka ujao. Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mtu hawezi kulipima ziwa la namna hiyo na kulikata vipande vya ekari 80 kwa kila kichwa. Chini ya uchumi huo ulikuwapo utaratibu wa koo, ambazo wao huziita doodem, na machifu waliotawala kwa kushawishi kuliko kuamuru.

Neno langu moja lahitaji maelezo. Katika Kiswahili tumezoea kuita maeneo waliyotengewa wenyeji wa Amerika "hifadhi", na nitafanya hivyo hapa ingawa neno lenyewe halinipendezi, kwa kuwa linawaweka wanadamu katika fungu moja na twiga na tembo. Waojibwe wenyewe wana neno la kweli zaidi: ishkonigan, yaani kilichobakizwa. Wakati wa kutia saini mikataba, wao hawakupewa ardhi na mtu. Walikuwa na ardhi, wakaachia sehemu kubwa, wakabakiza kidogo. Tofauti hiyo kati ya kupewa na kubakiza ni msingi wa madai yao yote ya kisheria hadi leo, nami huwasisitizia wanafunzi wasiipite haraka.

White Earth ilianzishwa kwa mkataba wa tarehe 19 Machi 1867. Ilikuwa na ekari zipatazo 837,000. Upande wa mashariki kulikuwa na misitu ya misonobari na maziwa ya mpunga, na upande wa magharibi mbuga yenye udongo mzuri wa kulima. Lengo la serikali lilikuwa kuwakusanya Waojibwe wa sehemu nyingi za Minnesota mahali pamoja na kuwageuza wakulima. Kundi la kwanza liliwasili Juni 1868. Likafuatwa na makundi mengine kutoka sehemu mbalimbali, wakiwamo wazao wa wafanyabiashara Wafaransa wa manyoya na mama zao Waojibwe, watu waliojua biashara, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo White Earth tangu mwanzo ilikuwa jamii ya wahamiaji wa asili tofauti, wakijifunza kuishi pamoja.

Red Lake, kilomita nyingi kaskazini mwake, ilikuwa tofauti. Watu wake walikuwa pale pale walipokuwa wazee wao, kandokando ya ziwa ambalo kwa hakika ni maziwa mawili yaliyoungana, la Juu na la Chini. Mwaka 1863 walikuwa wameachia bonde la Mto Red, ardhi ya ngano iliyo miongoni mwa ardhi bora za Marekani, lakini kiini cha nchi yao hakikuwa kimewahi kuguswa na mkataba wowote.

Mwaka 1887 Kongresi ilipitisha Sheria ya Mgawo, maarufu kwa jina la Seneta Dawes. Ilisema kwamba ardhi ya pamoja ya makabila ivunjwe, kila mtu apewe kipande chake, serikali ikishikilie kipande hicho kwa amana kwa miaka 25, kisha mwenyewe akabidhiwe hati kamili. Ardhi itakayobaki baada ya mgawo iitwe ziada, iuzwe kwa walowezi. Msomaji atambue kwamba wengi wa waliotunga sheria hii walijiita marafiki wa wenyeji. Waliamini kwa dhati kwamba umiliki wa pamoja ndio uliowafanya wenyeji wasiendelee, na kwamba hati ya mtu binafsi ingemfanya kila mmoja awe raia mwenye bidii. Kampuni za mbao na wauzaji wa ardhi hawakuwa na haja ya kuamini hayo. Kwao ilitosha kwamba marafiki wa wenyeji wameamini.

Minnesota ilipata sheria yake tarehe 14 Januari 1889, iliyoletwa na Knute Nelson, mbunge mzaliwa wa Norwei ambaye baadaye alikuwa gavana na seneta. Sheria ya Nelson ilitaka Waojibwe wote wa Minnesota, isipokuwa wale wa Red Lake, wahamie White Earth na kugawiwa vipande huko. Red Lake nao wangegawiwa vipande kwao, na ardhi yao inayozidi iuzwe. Kwa kuwa Kongresi ilikwisha kuacha kufunga mikataba na makabila tangu 1871, sheria iliweka sharti la ridhaa: theluthi mbili ya wanaume wazima watie saini. Tume ya watu watatu, ikiongozwa na Henry Rice, seneta mstaafu na mfanyabiashara wa zamani wa manyoya, ilizunguka majira hayo ya kiangazi kutafuta saini.

Ilifika Red Lake mwishoni mwa Juni. Mkutano uliendelea kwa zaidi ya wiki moja, na maneno yake yaliandikwa, jambo ambalo sisi wanahistoria hatuna budi kulishukuru. Msemaji mkuu alikuwa chifu mzee, Medweganoonind. Alikataa mgawo moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa kwamba eneo watakalobakiza liwe la wote kwa pamoja, la walio hai na la watoto ambao hawajazaliwa, na kwamba makundi mengine yasihamishiwe huko. Alikuwa na sharti jingine alilolirudia: maziwa yote mawili yabaki ndani ya mipaka. Makamishna walimjibu kwa maneno ya kutuliza, naye na wenzake wakakubali hatimaye kuachia ekari karibu milioni tatu ili kile kilichobaki kisiguswe. Mpaka ulipochorwa, mstari ulipita katikati ya ziwa la Juu na kuiacha sehemu yake ya mashariki nje. Watu wa Red Lake hawakuwahi kukubali kwamba hayo ndiyo waliyotilia saini. Nitaurudia mstari huo mwishoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba kukataa kwao mgawo kulifanikiwa. Sheria iliagiza Red Lake igawiwe, lakini mgawo haukutekelezwa mwaka ule, wala mwaka uliofuata, wala mwingine wowote. Sababu si ushujaa peke yake, na hapa nisingependa tuwe wepesi wa kusifu. Red Lake ilikuwa mbali, baridi, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa matope na vinamasi visivyovutia jembe. Machifu wake saba walikuwa na wafuasi waliounganishwa kwa koo na ndoa kwa vizazi, hivyo mawakala wa serikali hawakupata upande wa kupenya. White Earth haikuwa na bahati hizo. Uzuri wa udongo na misonobari yake uliiponza.

Sasa tutazame hati inavyofanya kazi.

White Earth iligawiwa ekari 80 kwa mtu, na mwaka 1904 sheria iliyoletwa na Mbunge Halvor Steenerson ikaruhusu nyongeza ya ekari nyingine 80. Mgawo huo wa pili ulipofanyika mwaka 1905, vipande vyenye misonobari bora viliwaendea zaidi wale waliokuwa na uhusiano na wafanyabiashara, na wengi walioishi vijijini kwa uvuvi na mpunga waliambulia mabaki. Hata hivyo ardhi yote bado ilikuwa chini ya amana ya serikali: haikuuzika, haikuwekwa rehani, haikutozwa kodi.

Kinga hiyo iliondolewa kwa sentensi moja. Tarehe 21 Juni 1906, Seneta Moses Clapp wa Minnesota alifanikisha kuchomekwa kwa kifungu kidogo ndani ya sheria ndefu ya matumizi ya fedha za idara ya wenyeji. Kifungu kilisema kwamba, katika White Earth, vizuizi vyote vya kuuza, kuweka rehani au kutozwa kodi vinaondolewa kwa kila mtu mzima wa damu mchanganyiko. Wa damu kamili wangeruhusiwa iwapo waziri mwenye dhamana angeridhika kwamba wana uwezo wa kusimamia mambo yao. Mtumishi wa serikali anayesoma makala haya anajua kwamba mambo mazito mara nyingi hupita hivyo, ndani ya muswada wa bajeti, saa ambazo hakuna anayesoma viambatisho.

Wanunuzi walikuwa tayari. Benki ndogo za miji iliyo pembezoni mwa hifadhi zilitoa mikopo ya dola chache kwa rehani ya ekari 80. Wengi waliotia alama ya X au dole gumba hawakujua Kiingereza. Waliambiwa wanatia saini ya mkopo, kumbe ni mauzo. Au ni mkopo kweli, lakini kwa masharti ambayo mtu anayeishi kwa samaki na mpunga hangeweza kuyatimiza. Waliponusurika benki, waliingia katika kodi: ardhi yenye hati kamili hulipiwa kodi ya kaunti, na mwenye kushindwa kulipa hupokonywa. Tena hatuwezi kusema wanyang'anyi wote walitoka nje. Baadhi ya wafanyabiashara wa hifadhi hiyohiyo, wenye lugha mbili na jina la kuaminika, walikuwa madalali wa mauzo hayo. Historia ya namna hii karibu kila mahali ina dalali wa nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1906, mbiu hii ikiwa imepamba moto, jimbo liliunda kaunti mpya iliyomo nzima ndani ya hifadhi. Waliipa jina Mahnomen, tahajia nyingine ya manoomin.

Mwaka 1909 serikali kuu ilimtuma mwanaakiolojia Warren Moorehead pamoja na mkaguzi Edward Linnen. Walikusanya mamia ya viapo vya watu waliodhulumiwa, wakakuta familia zilizopoteza kila kitu zimesongamana katika vibanda, zikiugua kifua kikuu na ugonjwa wa macho. Kamati ya Baraza la Wawakilishi nayo ikaja kusikiliza mashahidi. Wanasheria wa serikali wakafungua mamia ya kesi kutaka mauzo yabatilishwe. Kesi hizo zote zilitegemea swali moja: nani ni wa damu mchanganyiko na nani ni wa damu kamili? Kama muuzaji alikuwa damu mchanganyiko, mauzo ni halali. Kama alikuwa damu kamili, ni batili.

Kwa Waojibwe wenyewe swali hilo lilikuwa na jibu la kijamii. Mchanganyiko alikuwa mtu aliyeishi kama wafanyabiashara, kwa mavazi, dini na riziki. Mtu angeweza kuwa na babu Mfaransa na bado asiwe mchanganyiko kwa macho ya jirani zake. Mwaka 1914 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya mbao ya Nichols-Chisolm, iliamua vingine: chembe yoyote ya damu ya mzungu inatosha. Baada ya hapo ikaitwa sayansi. Aleš Hrdlička wa Taasisi ya Smithsonian na Albert Jenks wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipelekwa kuwakagua watu. Hrdlička alikwaruza ngozi ya kifua kwa ukucha na kutazama wekundu unaojitokeza. Walikagua nywele, kucha, miguu na meno. Wazee walivuliwa mashati ili profesa aamue kama walikuwa na haki ya kudai ardhi yao. Mimi ni mtu wa chuo kikuu, nami kila nisomapo habari hizi hujiuliza wenzetu hawa waliandika nini katika taarifa zao za mwaka chini ya kichwa cha huduma kwa jamii.

Orodha ya damu ilikamilishwa mwaka 1920. Mmoja wa waliopewa kazi ya kuiandaa alikuwa Ransom Powell, wakili ambaye kabla ya hapo alizitetea kampuni za mbao katika kesi hizohizo. Kati ya watu zaidi ya 5,000 waliogawiwa ardhi, waliotambuliwa kuwa damu kamili walikuwa kama 400 tu. Waliobaki wote, kwa mujibu wa sheria, walikuwa wameuza kwa hiari. Hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waliorodheshwa tofauti, mmoja kamili na mwingine mchanganyiko.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu. Hati ya White Earth haikughushiwa. Ilikuwa halisi, yenye namba, ramani na jina, nayo ndiyo iliyofanya ardhi iweze kuingia sokoni kabla ya mwenyewe kuwa na nguvu ya kusimama sokoni. Karatasi haikukosekana. Kilichokosekana ni mamlaka ya jamii ya kusema kwamba jambo fulani halitauzwa hata mmoja wetu akishikwa na njaa.

Red Lake walibaki na mamlaka hayo, ingawa si kwa amani. Mwaka 1904 walilazimika kuachia zaidi ya ekari 250,000 za upande wa magharibi. Fedha za ardhi iliyouzwa chini ya Sheria ya Nelson ziliwekwa katika mfuko mmoja wa Waojibwe wote wa Minnesota, kwa hiyo misonobari ya Red Lake ililipa pia waliokwisha kugawiwa ardhi yao kwingine. Tishio lililofuata lilitoka kwa ndugu zao. Baraza kuu la Waojibwe wa Minnesota, ambalo watu wa White Earth walikuwa na sauti kubwa ndani yake, lilidai kwamba ardhi ya Red Lake ni mali ya wote na igawanywe. Mtu aliyepoteza chake akimtazama jirani ambaye bado anacho, madai hayo si ya ajabu.

Red Lake walijibu mwaka 1918 kwa kuandika katiba. Baraza Kuu la Red Lake liliundwa na machifu saba, kila mmoja akiteua wajumbe wake, na katibu wake, Peter Graves, aliongoza mambo kwa karibu miaka 40 hadi kifo chake mwaka 1957. Sheria ya 1934 iliporuhusu makabila kuunda serikali zao, hifadhi sita, White Earth ikiwamo, ziliungana mwaka 1936 katika Kabila la Chippewa la Minnesota. Red Lake walikataa kuingia. Mwaka 1953 Kongresi ilipoyapa baadhi ya majimbo mamlaka ya jinai juu ya hifadhi, katika sheria inayojulikana kwa namba 280, Minnesota ilipewa hifadhi zote isipokuwa Red Lake. Hadi leo polisi wa jimbo hawana madaraka ya kawaida pale juu ya wanachama wa jamii. Wana polisi wao na mahakama yao. Mtu hununui kiwanja Red Lake. Mwanachama hupewa mahali pa kujenga na kuishi, na ardhi yenyewe, pamoja na maji zaidi ya ekari 800,000, ni ya jamii.

Wanaharakati wanaopenda kuitaja Red Lake kama mfano wa kuigwa wasiyapite mengine. Utawala wa machifu na katibu wao haukuwa wa uchaguzi, na wananchi walipata kura ya moja kwa moja baada ya katiba mpya ya 1958 tu. Mwaka 1979 ugomvi wa madaraka ndani ya baraza ulilipuka kuwa ghasia, majengo yakateketezwa na vijana wakafa. Umaskini upo, tena mkubwa. Kijana anayetaka mkopo wa kuanzisha biashara hana ardhi ya kuweka rehani. Hoja ya mwanafunzi wangu ina nguvu hapo, na nisingemjibu kwa uaminifu kama ningeificha.

Hata uvuvi, fahari ya ziwa lile, waliuharibu wao pamoja na majirani zao. Biashara ya samaki ilianzishwa na jimbo mwaka 1917 wakati wa vita, kisha mwaka 1929 ikawa mali ya ushirika wa wavuvi wenyewe. Kwa miongo mingi walivua kupita kiasi, ndani ya ushirika na nje yake kwa magendo, huku wavuvi wa upande wa jimbo wakifanya yao. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 samaki waitwao ogaa, ambao Wamarekani huwaita walleye, walikuwa karibu kwisha. Wavuvi walisimamisha biashara yao wenyewe, kisha baraza likapiga marufuku hata nyavu za kitoweo. Mwaka 1999 Red Lake, jimbo na serikali kuu walitia saini makubaliano: hakuna kuvua ogaa upande wowote, na vifaranga vipandikizwe. Uvuvi ulifunguliwa tena mwaka 2006, miaka mingi kabla ya wakati ambao wengi walitazamia. Kufunga ziwa kuliwezekana kwa sababu palikuwa na chombo kimoja chenye mamlaka juu ya sehemu kubwa ya maji, na kila mwenye wavu alikuwa mwanachama wake.

White Earth nako habari haikuishia 1920. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kesi ya kipande kilichogawiwa mtu aliyeitwa Zay Zah, ambacho kaunti ilikichukua kwa kutolipiwa kodi. Mahakama ilisema kwamba kinga ya kodi haikuweza kuondolewa bila ridhaa ya mwenye ardhi, kwa hiyo unyakuzi ulikuwa batili. Ghafla hati za zaidi ya ekari 100,000 zikawa na shaka. Wakulima wazungu walionunua kwa nia njema, babu baada ya baba, waliamka wakaambiwa kwamba huenda hati zao si hati. Kwa mara ya kwanza hofu ilikaa upande wa pili, na Kongresi, ambayo kwa miaka 70 haikuwa na haraka, ilipata haraka. Sheria ya Suluhu ya Ardhi ya White Earth ya mwaka 1986 ilihalalisha mauzo ya zamani, ikawalipa warithi fidia iliyokokotolewa kwa bei ya ardhi siku ilipochukuliwa pamoja na riba, na jimbo likarudisha ekari 10,000. Wengi hawakuridhika. Ekari iliyouzwa mwaka 1908 kwa bei ya mwaka 1908 hainunui ekari ya leo.

Miaka mitatu baadaye Winona LaDuke, ambaye wengine watamkumbuka kama mgombea mwenza wa Ralph Nader katika chaguzi za 1996 na 2000, alianzisha mradi wa kununua ardhi hiyo kidogokidogo kwa fedha za zawadi na michango. Jamii nyingine za Waojibwe zimepata zaidi. Mwaka 2020 sheria ilirudisha ekari 11,760 za msitu wa taifa kwa Leech Lake, na mwaka 2022 Bois Forte walinunua tena zaidi ya ekari 28,000 zilizokuwa za kampuni ya mbao.

Kipimo cha damu kimekuwa kigumu kurudisha nyuma kuliko ardhi. Tangu miaka ya 1960 katiba ya Kabila la Chippewa la Minnesota inataka mwanachama awe na angalau robo ya damu ya Chippewa ya Minnesota, hivyo wajukuu wa watu waliovuliwa mashati na Hrdlička hukatwa katika daftari kwa hesabu ya sehemu. Mwaka 2013 watu wa White Earth walipiga kura kwa wingi mkubwa kuidhinisha katiba mpya, iliyoandikwa kwa mkono wa mwandishi Gerald Vizenor, ambayo ingeweka nasaba ya familia mahali pa sehemu ya damu. Ugomvi katika baraza uliizuia isitekelezwe. Katika kura ya maoni ya mwaka 2022 wanachama wengi wa kabila zima walitaka sharti la robo liondolewe, lakini katiba hubadilishwa kwa kura nyingine, chini ya usimamizi wa serikali kuu.

Wakati huohuo White Earth walijaribu njia ambayo mwanasheria wa kawaida angecheka kuisikia. Desemba 2018 walitunga sheria inayotambua kwamba manoomin yenyewe ina haki ya kuwapo na kustawi. Mwaka 2021, bomba la mafuta la Line 3 lilipokuwa linajengwa, manoomin iliorodheshwa kama mlalamikaji katika mahakama ya jamii dhidi ya idara ya maliasili ya jimbo. Machi 2022 mahakama ya rufaa ya White Earth yenyewe iliifuta kesi, ikisema haina mamlaka juu ya watu wasio wanachama kwa mambo yaliyotendeka nje ya hifadhi. Majaji wao walisoma sheria kama inavyosomwa, dhidi ya upande wao.

Na ule mstari wa 1889 bado upo. Ukitazama ramani ya Minnesota utauona ukikata ziwa la Juu, kwa unyoofu ambao ufuko wa ziwa hauna popote. Magharibi mwake maji ni ya Red Lake, na mgeni haruhusiwi kutia ndoana bila idhini yao. Mashariki yake kuna kama ekari 48,000 za maji zilizo chini ya jimbo, ambako kila majira ya baridi maelfu ya wavuvi wa burudani huvuta vibanda vyao juu ya barafu. Baraza la Red Lake linaendelea kudai kwamba maji hayo nayo ni yao, kwa kuwa Medweganoonind aliyataja, na maneno yake yaliandikwa na karani wa serikali.